Kupanga Begi la Mgongoni kwa Safari ya Skii ya Siku Kadhaa, Kibanda hadi Kibanda

Aliyepanda Kilimanjaro kwa njia ya Marangu anajua maana ya kulala vibandani. Usiku wa kwanza ni Mandara, wa pili Horombo, kisha Kibo, na muda wote huo mzigo mkubwa hutangulia kichwani mwa mpagazi, huku mwenye mzigo akifuata nyuma pole pole na kibegi chenye maji, koti la mvua na biskuti. Kwenye milima ya Alpi barani Ulaya vibanda vipo, tena ni vingi, lakini wagumu, wale wapagazi wetu, hawapo. Anayesafiri kwa skii kutoka kibanda hadi kibanda hubeba kila kilicho chake mgongoni, hupanda nacho mita 1,000 au zaidi kwa siku, kisha huteremka nacho juu ya vibao viwili vyembamba, na katika mteremko begi lililopangwa ovyo humsukuma mtu upande asiotaka kwenda.

Mwongozo huu unaifuata njia moja, ile iitwayo Haute Route, inayoanzia Chamonix nchini Ufaransa na kuishia Zermatt nchini Uswisi. Hupitwa kwa skii kuanzia katikati ya Machi hadi mwanzoni mwa Mei, kwa kawaida kwa siku 6 au 7, na wasafiri hulala katika vibanda kama Argentière (mita 2,771), Trient (mita 3,170), Dix (mita 2,928) na Vignettes (mita 3,157). Sehemu kubwa ya njia hupita juu ya barafuto, yaani mito ya barafu yenye nyufa zilizofunikwa na theluji. Kwa hiyo nachukulia kwamba msomaji anajua kupanda na kuteremka kwa skii, amefunzwa namna ya kumwokoa aliyefukiwa na maporomoko ya theluji, na anakwenda na kiongozi aliyehitimu au na wenzake wenye uzoefu, kwa kuwa hakuna begi linaloweza kuziba pengo la mafunzo hayo.

Kosa la wanaoanza ni kupanga vitu kwa ukubwa: kikubwa chini, kidogo juu, na penye nafasi pakasindikwa chochote. Begi la safari hii hupangwa kwa saa. Kitu cha jioni hukaa chini kabisa. Kitu cha saa 2 asubuhi hukaa juu. Na kitu kitakachohitajika katika dakika ambayo hukuichagua wewe hukaa mahali ambapo mkono utakifikia bila jicho kuangalia. Nililijifunza hili chini ya Col du Chardonnet, njia ya mlimani yenye mita 3,323, katika safari yangu ya kwanza. Theluji ya asubuhi ilikuwa ngumu kama sakafu, skii zikaanza kurudi nyuma, na kramponi za skii, yale meno ya chuma yanayobanwa chini ya kiatu ili skii zishike barafu, zilikuwa chini kabisa ya begi langu kwa sababu ni bapa na zililala vizuri pale. Nikalivua begi nikiwa nimesimama kwenye mteremko, nikatoa shuka, soksi na fulana, nikaziegemeza kifuani, na katika hekaheka hiyo glavu ya mkono wa kulia ikateleza, ikashika kasi, ikapotea machoni nikiwa nimeinua mkono kama mtu anayesimamisha daladala iliyokwisha kupita. Niliendelea kwa soksi mkononi hadi nilipoazimwa glavu na mwenzangu.

Begi lenyewe na uzito wake

Begi la lita 35 hadi 40 linatosha. La lita 50 ni kishawishi, kwa maana nafasi ikibaki mtu hutafuta cha kuijaza, na kila anachokiongeza atakipandisha mwenyewe kwa miguu yake. Liwe na mfuko wa pekee wa vifaa vya uokoaji, mikanda ya kufungia skii, kitanzi cha shoka la barafu, na ikiwezekana zipu ya upande wa mgongoni inayokuwezesha kufikia vitu vya katikati bila kuvitoa vya juu. Mkanda wa kiunoni ukae juu ya mifupa ya nyonga na ubebe sehemu kubwa ya uzito. Mabega kazi yake ni kulizuia begi lisiyumbe. Lijaribu dukani likiwa na kilo 8 ndani, kwani likiwa tupu kila begi hukaa vizuri.

Yapo mabegi yenye mfuko wa hewa unaojaa ghafla mtu akikumbwa na maporomoko ili abaki juu ya theluji. Ni kifaa kizuri, lakini huongeza uzito usio mdogo, na mitungi yake ya gesi huhitaji idhini ya shirika la ndege mapema. Kwa safari ya wiki nzima iliyojaa miinuko, mimi hulibakiza nyumbani. Wapo wenye uzoefu kuliko mimi ambao hawakubaliani nami katika hilo.

Siku mbili kabla ya safari tandika kanga sakafuni na uweke juu yake kila unachotaka kwenda nacho, katika mafungu matatu: vya kuvaa mwilini, vya njiani na vya kibandani. Kisha chukua mizani ya jikoni. Begi langu tupu ni kilo 1.3. Beleshi ni gramu 500, ufito wa kuchomea theluji kumtafuta aliyefukiwa gramu 300, kramponi za alumini za kuvaa chini ya buti gramu 450, kramponi za skii gramu 200, shoka la barafu gramu 300. Jaketi la manyoya na jaketi la kuzuia upepo ni gramu 400 kila moja, nguo za akiba gramu 600, shuka la hariri gramu 130. Chupa ya chai iliyojaa ni kilo 1.1, chakula cha njiani gramu 600, taa, pawabenki na nyaya zake gramu 350, dawa na vitu vya usafi gramu 300. Hapo nimeshakaribia kilo 7, na bado sijachukua fungu langu la vifaa vya pamoja, ambalo huwa kilo 1 na zaidi kidogo. Kwa hiyo lengo la kilo 8 hadi 9 linawezekana, lakini halina nafasi ya kitabu kinene, suruali ya jinzi wala chupa kubwa ya shampuu. Ukiona mizani inasoma kilo 11, usianze kukata mswaki katikati kama wafanyavyo wengine kwa mbwembwe. Tafuta nguo mbili au tatu ulizoziweka kwa hofu tu, uzirudishe kabatini.

Visivyoingia ndani ya begi

Transiva, kifaa kidogo kinachotuma na kupokea mawimbi ya redio ya kilohezi 457 ili aliyefukiwa apatikane, huvaliwa mwilini, chini ya jaketi la nje, na huwashwa kabla ya kutoka kibandani hadi mlango wa kibanda kinachofuata. Kuitia begini ni sawa na kuiacha nyumbani, kwa sababu begi laweza kung'oka. Tumia betri za aina ambayo mtengenezaji ameitaja, mpya mwanzoni mwa safari, na ubebe jozi moja ya akiba. Simu na vifaa vingine vya umeme vikae angalau sentimita 20 mbali nayo inapotuma, na sentimita 50 inapotafuta, la sivyo huvuruga mawimbi. Ndiyo maana simu yangu hukaa mfuko wa suruali, transiva ikiwa kifuani.

Hanesi, yaani mikanda ya kiunoni na mapajani inayofungiwa kamba, nayo huvaliwa kibandani, kabla ya kutoka, siku yoyote ambayo njia inapita juu ya barafuto. Anayetumbukia kwenye ufa akiwa na hanesi begini amewapa wenzake kazi ngumu mno. Hata mahali ambapo hamjafungana kwa kamba, hanesi iliyovaliwa, yenye karabina mbili, yaani vitanzi vya chuma vinavyofunguka, na skrubu moja ya barafu, ndiyo itakayowawezesha kumfikia na kumvuta.

Mfuko wa nje

Beleshi na ufito hukaa katika mfuko wao peke yao. Aliyefukiwa na theluji ana nafasi nzuri ya kupona akifikiwa katika dakika za mwanzo, na nafasi hiyo huporomoka haraka baada ya dakika 10 hadi 15 hivi, maana hewa huisha. Beleshi liwe la chuma, si la plastiki, kwa kuwa theluji ya maporomoko ikishasimama hukauka na kuwa kama zege; ufito uwe na urefu wa sentimita 240 au zaidi. Usiweke humo karanga, glavu wala ganda la ndizi. Usilifunge beleshi nje ya begi, linang'oka. Na ukishafunga skii pembeni mwa begi, hakikisha zipu ya mfuko huo bado inafunguka, kwa sababu mabegi mengine huizuia, na aliyelibuni haonekani kuwa aliwahi kulivaa.

Zoezi la nyumbani: vaa glavu, mwambie mwenzako afumbe macho na kuhesabu, na uvitoe vyote viwili na kuviunganisha kabla hajafika 30.

Kutoka chini kwenda juu

Chini kabisa huingia vitu vya kibandani, vyote ndani ya mfuko mmoja usiopitisha maji, ili jioni utoke na mfuko huo mmoja na kuliacha begi lenye maji chumba cha vifaa. Humo mna shuka lililoshonwa kama mfuko, ambalo Klabu ya Alpi ya Uswisi hudai kila mgeni alalie katika vibanda vyake; mablanketi na mito ipo, hivyo mfuko mzito wa kulalia hauna kazi. La hariri ni ghali kidogo kuliko la pamba lakini ni jepesi mara mbili. Mna fulana moja ya sufu ya kubadilisha, chupi mbili, soksi nyembamba za kibandani na suruali nyepesi ya kulalia. Ndara hutolewa mlangoni, kwa hiyo usibebe. Mna vizibo vya masikio, maana chumba cha watu 12 hakikosi mkoromaji. Kwa taulo mimi hutumia nusu ya kanga kuukuu. Ni nyepesi, hukauka upesi kando ya jiko, na usiku hufunikia mto ambao vichwa vingi vimeshalalia. Wenyeji huiulizia, nami huwa sina jibu fupi la maandishi yake.

Pamba iishie hapo kwenye kanga. Fulana ya pamba ikilowa jasho katika mwinuko haikauki, na mara tu unaposimama juu ya mlima upepo huigeuza kuwa kitambaa cha barafu. Vazi la ndani liwe la sufu au la nyuzi za viwandani, nalo litavaliwa siku zote hizo. Naam, litanuka. Kila mtu kibandani ananuka, na siku ya tatu pua huacha kulalamika.

Juu ya mfuko huo, katikati ya begi na kuelekea mgongoni, ndipo pa vitu vizito: kamba, kramponi za miguuni, chakula cha akiba, pawabenki. Katika kutembea tu mtu huweza kuupeleka uzito juu karibu na mabega, lakini katika skii uzito ulioko juu hukuyumbisha kila unapokata kona, na uzito ulioko mbali na mgongo hukuvuta nyuma, skii zikakukimbia. Kwa hiyo vikae usawa wa katikati ya mgongo, vikiwa vimeegemea uti. Kramponi zitiwe katika mfuko wake mgumu. Nimeona jaketi la manyoya likitobolewa na meno yake na begi zima kujaa manyoya kama banda la kuku.

Juu kabisa hukaa vya mchana: jaketi la manyoya, linalovaliwa kila mnaposimama na si mpaka baridi iingie, jaketi la upepo, kama hukulivaa, glavu nene, na kramponi za skii. Hizi za mwisho, kwa sababu mwazijua, mimi siku hizi huzitundika kwenye hanesi kwa karabina asubuhi ya mwinuko mkali. Katika kifuniko cha begi huingia miwani ya theluji, krimu ya jua, taa ya kichwani, plasta, kisu kidogo na vya kutafuna. Taa ikae huko hata kama mnatarajia kufika saa 8 mchana, maana asubuhi ya kutoka Vignettes kwenda Zermatt watu huondoka kungali giza, na kuitafuta taa gizani bila taa ni kazi.

Glavu ziwe jozi mbili, nyembamba ya kupandia na nene ya kuteremkia. Tangu ile siku ya Chardonnet, zote zina kamba za mkononi.

Kamba, skii mgongoni, na ngozi

Vifaa vya pamoja hugawanywa usiku wa kuamkia safari, mezani, na si asubuhi mlangoni ambapo mwenye haya hubebeshwa vyote. Kamba nyembamba ya mita 30 iliyotengenezwa kwa ajili ya barafuto, sanduku la huduma ya kwanza, hema dogo la dharura la kujifunika, vifaa vya kutengenezea. Kamba isibebwe na anayetangulia ikiwa ni moja tu, kwa sababu yeye ndiye wa kwanza kukanyaga palipo na ufa. Akizama nayo, walioko juu hawana cha kumvutia. Kundi la watu 5 au 6 libebe mbili, katika mabegi mawili tofauti.

Kuna mahali utalazimika kuvua skii na kuzifunga begini: mteremko wa upande wa pili wa Chardonnet, ambapo makundi mengi hushushana kwa kamba, au ngazi za chuma za Pas de Chèvres upande wa Arolla. Kwa kipande kifupi zifunge pamoja na kuzilaza kimshazari. Kwa mpando mrefu wa kramponi, funga moja kila upande na uunganishe ncha zake juu kwa mkanda, mfano wa paa la nyumba, ili zisigonge visigino. Jaribu mitindo yote miwili nyumbani begi likiwa limejaa, kwani mikanda iliyotosha begi likiwa tupu huweza kupungua sentimita chache muhimu.

Ngozi, yaani vitambaa vya manyoya magumu vinavyobandikwa chini ya skii ili zipande bila kurudi nyuma, hazina makao ya kudumu begini. Mkifika juu na kuzibandua, zikunje gundi kwa gundi, na kama kuna mwinuko mwingine siku hiyo zitie kifuani ndani ya jaketi. Gundi iliyopoa sana au iliyoingia theluji haishiki, na ngozi inayobanduka katikati ya mwinuko wa pili hukuchelewesha wewe na kundi zima hadi jua limeshalainisha theluji ya juu yenu. Kibandani zitundike palipo na hewa vuguvugu, si juu ya jiko, kwa sababu gundi huyeyuka na kubaki kwenye manyoya.

Vifaa vya kutengenezea ni vichache lakini visikosekane: bisibisi yenye vichwa vinavyoingia kwenye skrubu za vibanio vya skii zenu, koleo dogo, waya mwembamba, tepu nene iliyozungushiwa kwenye fimbo ya skii badala ya kubebwa na kigogo chake, kipande cha nta ya kusugulia ngozi zilizolowa, na mikanda minne ya mpira yenye vishikizo. Mkanda huo hufunga ngozi iliyokataa kushika, hushikilia buti iliyovunjika kibanio, huunganisha fimbo iliyopinda na beleshi kuwa gango la mguu. Kama ningelazimishwa kuchagua kitu kimoja katika fungu hilo, ningechukua mikanda.

Jua, maji na chakula

Ipo dhana kwamba mtu mweusi haunguzwi na jua, na wengine wetu hufika Alpi bila hata tyubu ya krimu. Miale ya urujuanimno huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila unapopanda mita 1,000, na theluji mpya huirudisha hadi asilimia 80 yake kutoka chini, kwa hiyo huungua mahali ambapo jua la Mombasa au Dodoma halijawahi kufika: chini ya pua, chini ya kidevu, ndani ya midomo iliyoachama kwa kuhema. Ngozi yetu huungua polepole zaidi, lakini huungua, na midomo hupasuka kabisa. Chukua krimu ya kiwango cha 50, tyubu ndogo ya mililita 50 kwa wiki, na ya midomo. Miwani ya jua iwe ya kiwango cha 4 yenye vizuizi vya pembeni, na kundi liwe na jozi ya akiba, maana aliyepoteza miwani juu ya barafuto wakati wa mchana huweza kupofushwa na mwanga wa theluji kwa siku moja au mbili na kuwa mzigo wa kuongozwa. Wenye misuko minene wajaribu kofia ngumu kabla ya kusafiri. Dada mmoja tuliyekuwa naye ilimbidi afumue nywele zote Chamonix usiku wa manane.

Maji: lita 1 hadi 1.5. Bomba la kunywea linalotoka begini huganda ndani ya nusu saa ya kwanza ya alfajiri, likiacha lita mbili za maji usizoweza kuzinywa. Nabeba chupa ya chai na chupa moja ya kawaida, hii ikiwa imepinduliwa kichwa chini, kwa kuwa maji huanza kuganda juu na kizibo hubaki huru. Vibanda vingi havina maji ya bomba majira hayo. Wasimamizi huyeyusha theluji, na maji ya chupa yaliyoletwa kwa helikopta huuzwa kwa bei yake. Chai ya njiani hutolewa asubuhi katika vibanda vingi, basi jaza chupa yako hapo.

Chakula cha jioni na cha asubuhi hupikwa kibandani na hulipiwa pamoja na kitanda, kwa hiyo unachobeba ni cha mchana na cha kutafuna tu. Karanga, tende, jibini, mkate mgumu. Kashata za nazi zilizotoka nyumbani hustahimili baridi kuliko chokoleti, ambayo kwenye nyuzi 15 chini ya sifuri huvunja jino. Asiyekula nguruwe au nyama yoyote aseme wakati wa kuweka nafasi, maana msimamizi hupika chungu kimoja kwa watu wote na bidhaa zake zilipandishwa wiki nyingi zilizopita. Akiarifiwa mapema, hutayarisha kingine, na wewe hutalazimika kubeba chakula cha jioni cha siku saba.

Karatasi, fedha na simu

Katika bahasha isiyopitisha maji tia pasi ya kusafiria, kibali cha makazi kama unacho, kadi ya bima inayogharimia uokoaji kwa helikopta, na faranga za Uswisi taslimu. Njia hii huanza Ufaransa, huingia Uswisi, na siku ya mwisho, kati ya Col du Mont Brulé na Col de Valpelline, huigusa Italia. Hakuna kituo cha mpaka kwenye barafuto, lakini ukishushwa bondeni kwa dharura upande wa pili, utaulizwa karatasi zako kabla ya jina la kijiji chako. Baadhi ya vibanda hupokea kadi, mtandao ukiwapo. Kwenye karatasi andika namba za dharura: 112 kwa Ufaransa na Italia, 144 kwa jimbo la Valais, na 1414 ya Rega, shirika la uokoaji kwa helikopta, kwa maeneo mengine ya Uswisi. Dawa zisizostahimili kuganda, kama insulini, hukaa mwilini wala si begini.

Pakua ramani kwenye simu kabla ya kuondoka, na ubebe ya karatasi, kwa sababu betri hufa baridini. Taarifa ya hatari ya maporomoko, inayotolewa kwa upande wa Uswisi na taasisi ya utafiti wa theluji iliyoko Davos kwa kipimo cha 1 hadi 5, hutoka saa 11 jioni; isome kabla ya chakula, palipo na mtandao, kwa kuwa ndiyo itakayoamua begi la kesho lipangwe vipi, kama kramponi za skii zitundikwe hanesini au la, na kama mtaondoka saa 10 alfajiri.

Kabla na baada

Fanya safari moja ya siku nzima na begi lote likiwa limejaa, wiki mbili kabla. Mabega yakiuma mahali pamoja, rekebisha mikanda sasa. Nguo za mjini na viatu vya kawaida viache hotelini Chamonix: ukifika Zermatt utarudi kwa treni kupitia Visp na Martigny, ukiwa na buti za skii miguuni au, kama uligharamia, na sanduku lililokwisha kutangulia kwa gari.

Ukifika nyumbani usiliache begi limefungwa. Ning'iniza ngozi zikauke, fungua mfuko wa beleshi upitishe hewa, toa betri za transiva zisije zikavuja wakati wa kiangazi. Kisha tandika tena ile kanga, weka pembeni kila ambacho hakikutoka begini kwa siku zote saba, isipokuwa vya uokoaji na dawa, na uandike orodha yake ndani ya kifuniko kwa kalamu isiyofutika. Orodha yangu ya mwaka jana ina vitu vinne, kimojawapo suruali ya jinzi.